Narudia udhu mara 9 na moyo haukubali: je, swala zangu nizilipe?

SWALI

Assalaamu alaykum Shekhe. Mimi ni kijana wa miaka 27, nimeoa mwaka jana. Huu ni mwaka wa 2 nateseka na udhu na swala. Nikitawadha nahisi kuna mahali hapakupata maji, hasa visigino na viwiko, basi narudia, siku nyingine hadi mara 9. Nikitoka msalani nahisi kitone kimenitoka. Natazama, sioni kitu, lakini moyo haukubali na nguo nabadilisha. Kwenye swala nikisema Allahu Akbar nahisi nia haikukaa, navunja, naanza tena, mpaka imamu anarukuu mimi bado nahangaika na takbira. Nikiswali peke yangu sijui nimefika rakaa ya 3 au ya 4. Nilisoma hadithi ya "ole wao wenye visigino" nikazidi kuogopa. Nauliza: swala za miaka hii 2 nizilipe zote? Na mke wangu anataka nimswalishe nyumbani, nami nakataa kwa kuhofia kumharibia swala yake. Kusema kweli Shekhe, siku hizi adhana ikilia moyo unaniuma, maana najua saa nzima imekwenda.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Naanza na hukumu yenyewe, maana nikikuzungusha kwanza utafika mwisho umeshaokota shaka nyingine njiani. Hulipi. Swala ulizoswali miaka hiyo 2 zimekwisha kuswaliwa, wala hutakiwi kurudia hata moja. Na mkeo mswalishe. Yaliyobaki ni kukueleza kwa nini, kwa sababu watu wa hali yako nimewaona wengi: ukimpa hukumu kavu ataishika siku 3, siku ya 4 anaanza kumtilia shaka hata shekhe aliyempa.

Ulichonacho kina jina la kale. Wanazuoni wanakiita waswasi. Kiswahili kililiazima neno hilo likawa wasiwasi, kisha likapoa midomoni mwetu, siku hizi mtu ana wasiwasi kwa sababu mgeni wake amechelewa. Asili yake ni mnong'ono unaorudi kila ukiufukuza. Ndio uliotajwa katika Suratun-Nas, na mwenye kuuleta akaitwa al-khannas, yule anayerudi kinyumenyume, ambaye Allah akitajwa hunywea. Hili la kunywea liweke akilini, nitalirudia.

Mlango huu wote umesimama juu ya kanuni moja, miongoni mwa zile kanuni 5 kubwa za fiqhi: yakini haiondoki kwa shaka. Naamini umeshaisikia, pengine umeihifadhi kwa Kiarabu chake. Taabu ni kwamba neno yakini umelielewa vibaya. Wewe unadhani yakini ni kifua kutulia. Unamwaga maji, unasubiri kifua kiseme "sawa", hakisemi, unamwaga tena. Kifua cha mgonjwa wa waswasi hakisemi "sawa" kamwe, hata ukikesha bombani. Sheria haikukiweka kuwa shahidi.

Tazama ilivyoweka mashahidi wake. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abdullah bin Zayd kwamba Mtume (s.a.w.) alipelekewa malalamiko ya mtu anayejihisi, akiwa ndani ya swala, kama kwamba kimemtoka kitu. Akasema asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Hapo pana sikio na pua. Katika hadithi ya Umar iliyo kwa Muslim, mtu alitawadha akaacha mahali padogo kadiri ya ukucha kwenye unyayo wake. Mtume akapaona, akamwambia rudi ukautengeneze udhu wako. Hapo pana jicho. Na hiyo hadithi ya visigino iliyokutisha, isome na kisa chake. Abdullah bin Amr anaeleza kuwa walikuwa safarini, wakati wa Alasiri umewabana, watu wakatawadha mbiombio, wakawa wanapangusa tu miguu. Mtume alipowafikia, visigino vyao vilikuwa vikionekana kuwa havijaguswa na maji, ndipo akanyanyua sauti: "Ole wao wenye visigino na Moto!" Vilionekana. Waliokaripiwa ni watu waliopangusa wakaacha pakavu. Wewe mguu umeuzamisha mara 9, unatiririka mpaka sakafu imejaa maji, halafu unajihesabu miongoni mwao! Hadithi hiyo ni ya kumzindua mwenye kulipua udhu, na wewe umeitwaa ukajipigia nayo.

Sikio, pua, jicho. Ukilinganisha dalili hizi utaona kwamba hakuna mahali mtu alipoambiwa arudie kwa sababu alihisi tu. Kwa hiyo kuanzia leo, shaka ikikujia, usijiulize "nina uhakika?" Jiulize "nimeona nini?" Ukiona sehemu kavu kwa macho yako, kwa mtazamo wa kawaida wa mtu anayepita, si kwa kuinama na kukagua kama fundi saa, osha sehemu hiyo. Hukuona kitu, udhu wako umetimia, ondoka.

Nikupe kisa. Nilipokuwa mwanafunzi wa darsa tulikuwa na mwenzetu, hafidhi mzuri, ambaye tukimaliza Alasiri yeye ndio kwanza anatoka kutawadha. Mwalimu wetu alimvumilia kwa muda, kisha siku moja akateka maji kopo moja, akaliweka mbele yake kwenye ngazi, naye akaketi kigodani pembeni. "Tawadha. Kila kiungo mara moja." Yule mwenzetu akanawa uso. Akaosha mkono wa kulia, na maji yakashuka mpaka kwenye ncha ya kiwiko. Hapo mkono wa kushoto ukaanza kurudi kwenye kopo, wenyewe, kama mkono wa mtu mwingine. Mwalimu akaudaka kifundoni. Akamwonyesha tone lililokuwa limening'inia kwenye kiwiko, likikaribia kudondoka. "Hiki nini?" Maji, Shekhe. "Yamefikaje hapa?" Kimya. Tone likaanguka, likalowesha goti la mwalimu, naye akasema: "Basi, tuendelee na wa kushoto." Walirudia zoezi hilo siku nyingi, na kila siku kopo likabaki na maji chini.

Nami nakuagiza kopo hilo hilo. Anas amesimulia, na hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa pishi moja, yaani mudi 4, mpaka mudi 5. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokutanishwa. Haifiki lita 1. Kiumbe aliyekuwa akimwogopa Allah kuliko sisi sote kilimtosha kiasi hicho. Kisha fanya mara moja moja. Imethibiti kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alitawadha mara moja moja, na kwa wengine kwamba alitawadha mara mbili mbili na tatu tatu. Tatu ni ukamilifu kwa mtu mzima wa afya, lakini kwako nimezifunga kwa sasa, kwa sababu mlango wa tatu ndio unaopitia mpaka 9. Zaidi ya tatu hata mwenye afya hana ruhusa: alipokuja bedui kuuliza udhu, Mtume alimwonyesha tatu tatu, kisha akasema atakayezidisha juu ya hivyo amefanya vibaya, amechupa mpaka na amedhulumu. Sikusomei hadithi hii ili nikuongezee hofu. Nataka ujue tu kwamba ile mara ya 4 unayoifanya kwa ajili ya usalama, usalama wenyewe haumo ndani yake.

Hapa lazima nitenganishe watu wawili. Mtu wa kawaida akiwa katikati ya udhu akashuku hakuosha mkono, anarudi kuuosha; akishamaliza udhu, shaka haimshughulishi tena. Wewe huna hukumu hiyo ya katikati. Wewe hurudi hata katikati. Na usidhani ni huruma yangu binafsi nakuchotea, ndivyo wanavyosema wanazuoni wa madhehebu tofauti, kila mmoja kwa lugha yake. Wamaliki, kwa mfano, ndio wakali zaidi kwenye suala la shaka ya kutenguka udhu: katika kauli yao mashuhuri, mwenye udhu akishuku kama amepatwa na hadathi, yaani jambo linalotengua udhu, anatawadha upya. Pamoja na ukali huo wamemtoa mtu mmoja, wanamwita mustankih, yaani ambaye shaka imemwandama, na wakampimia kwa kipimo chepesi kabisa: shaka inayomjia kila siku, hata kama ni mara moja kwa siku. Huyo wanamwambia asiitazame. Wahanbali nao wamesema shaka ikikithiri ikawa kama waswasi haina athari yoyote. Wewe inakujia mara ngapi kwa siku? Jibu unalo.

Sasa kitone. Unatoka msalani, umestanji, unahisi unyevu, unatazama, hamna kitu. Umesema mwenyewe: "sioni kitu". Hukumu imeshatoka hapo, na nguo ulizokuwa ukibadilisha zilikuwa twahara. Kitu kinachowaponza wengi ni kule kujikamua, kujikohoza, kurukaruka, kutembea hatua kadhaa humo msalani wakingojea cha mwisho kitoke. Ibn Taymiyya ameupinga mtindo huo na akanukuu mfano ambao kila mfugaji ataucheka kwa ukweli wake: ni kama kiwele, ukikiacha kinatulia, ukikikamua kinatoa. Kojoa, ngoja kidogo kwa kiasi cha kawaida, stanji, ondoka. Kisha nyunyiza maji kidogo mbele ya nguo yako, limepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba alifanya hivyo baada ya kutawadha, na wanazuoni wakaona ndani yake tiba ya waswasi, maana ukija kuhisi unyevu utasema ni yale maji. Usitazame tena. Marufuku kutazama! Kutazama ndiko kunakolisha hisia.

Ikiwa kweli, na nasema kweli, mkojo unakutoka bila hiari na unauona, hiyo ni hali nyingine, nayo ina wepesi wake. Unajistiri kwa kitambaa, unatawadha wakati wa swala ukishaingia, unaswali hata kama kitatoka ukiwa ndani ya swala. Ndivyo alivyoelekezwa Fatima binti Abi Hubaysh aliyekuwa akitokwa na damu isiyokatika: atawadhe kwa kila swala. Huyo na daktari amwone. Lakini sidhani ndiyo hali yako.

Kuna kisa cha Umar kilichomo katika Muwatta ya Malik ambacho hupenda kuwasomea watu wanaokagua najisi. Alikuwa safarini na kundi, wakafika kwenye dimbwi. Amr bin al-As akamuuliza mwenye dimbwi, "Je, wanyama wakali huja kunywa hapa kwako?" Umar akamdakiza: "Ewe mwenye dimbwi, usituambie." Huyo ndiye Umar, ambaye hakuna aliyemtuhumu kwa kuichezea dini yake. Hakuona najisi, na hakutaka kwenda kuitafuta.

Tuje kwenye takbira, kwa sababu nadhani ndipo unapoumia zaidi mbele za watu. Nia, mwanangu, si kitu kinachotengenezwa. Umeinuka ulipokuwa, umetawadha, umesimama safuni ukaelekea Kibla baada ya kusikia iqama ya Adhuhuri. Nikikushika bega nikuulize "unataka kufanya nini?" utanijibu bila kufikiri, "naswali Adhuhuri." Basi nia ndiyo hiyo, ulikuja nayo. Kukosa nia katika hali hiyo ndiko kugumu; ukiniambia nisimame safuni, nielekee Kibla, niseme Allahu Akbar bila kukusudia kuswali, sitaweza. Al-Ghazali amelipigia mfano mzuri. Mwanachuoni akiingia mahali ulipo unasimama kumheshimu. Je, kuna mtu mwenye akili anayesema kwanza moyoni: nanuia kusimama wima kwa ajili ya kumheshimu fulani kwa fadhila zake, sambamba na kuingia kwake, hali ya kuwa namwelekea? Unamwona, unasimama. Kusimama na kukusudia vimekuja pamoja.

Najua wengine tunafundishwa kuitamka nia kwa ulimi kabla ya takbira. Mashafii wa baadaye wamesema ni sunna ili ulimi uusaidie moyo, wengine hawakubali, na mjadala huo ni mrefu kuliko faida yake. Kwako wewe ulimi hausaidii, unavuruga. Acha kutamka. Sema Allahu Akbar mara moja, kwa sauti unayojisikia mwenyewe, na uingie moja kwa moja kwenye kusoma. Mnong'ono ukija, "hukunuia", usijibizane nao, usiuthibitishie kitu, usivunje swala. Kuvunja swala ya faradhi bila udhuru wa kisheria ni kosa, na hisia si udhuru. Fatiha vivyo hivyo: ukishapita aya usirudi kuinyoosha herufi.

Uthman bin Abil-As alimwendea Mtume (s.a.w.) akamshitakia kwamba shetani ameingia kati yake na swala yake na kisomo chake, anamchanganya. Sahaba huyo, angalia. Akaambiwa huyo ni shetani anayeitwa Khinzab, ukimhisi jikinge kwa Allah naye, na uteme mate mepesi kushotoni kwako mara 3. Akasema: nikafanya hivyo, Allah akaniondolea. Hadithi iko kwa Muslim. Hakuambiwa aanze swala upya.

Rakaa. Kwa mtu wa kawaida hadithi ya Abu Said al-Khudri ndiyo asili: aliyeshuku ameswali 3 au 4 aitupe shaka, ajenge juu ya alilo na yakini nalo, yaani 3, kisha asujudu sijda 2 za kusahau kabla ya salamu. Ndiyo kauli ya Shafi. Hadithi ya Ibn Mas'ud inasema atafute lililo sahihi, atimize juu yake, atoe salamu kisha asujudu, na Wahanafi wameichukua hiyo kwa mtu anayeshuku mara kwa mara: anafuata dhana yake iliyo na nguvu. Na yule mustankih wa Wamaliki anajenga juu ya idadi kubwa, yaani kama ni 3 au 4 basi ni 4, na akasujudu baada ya salamu.

Wewe fuata hiyo ya mwisho. Mimi nasomesha fiqhi ya Shafi na naipenda, lakini kumpa muwaswisi, yaani mgonjwa wa waswasi, hukumu ya kujenga juu ya idadi ndogo ni kumpa mwenye kiu maji ya bahari: kila siku atakuwa anaswali rakaa 5. Ukishatoa salamu, mlango umefungwa. Shaka ikibisha baada ya hapo usifungue. Na mwaka huu jitahidi kuswali jamaa kadiri unavyoweza. Ndani ya safu unakwenda anapokwenda imamu, na kuhesabu kunapungua kuwa kazi yako.

Utaniambia: Shekhe, si Mtume (s.a.w.) amesema "acha linalokutia shaka ushike lisilokutia shaka"? Si tahadhari ni bora? Kila muwaswisi ananiletea hadithi hii, na ni hadithi sahihi. Lakini hebu itumie juu ya kile unachokifanya. Kutawadha mara moja kwa ukamilifu, hilo halina shaka kwa mwanachuoni yeyote. Kutawadha mara 9, kukosa rakaa na imamu, kumwaga ndoo za maji, kuvunja faradhi, kuuogopa wito wa adhana: hayo ndiyo yenye shaka, bali mengine yamepita shaka yakawa makosa. Ukitaka tahadhari, tahadhari na hayo. Na kuhusu kulipa, Ibn Umar amepokea kutoka kwa Mtume: msiswali swala moja mara mbili kwa siku moja. Swala iliyokwisha kuswaliwa haifufuliwi kwa sababu mtu amekosa usingizi. Hata ikiwa kati ya hizo mna moja iliyokuwa na kasoro kweli, hutaijua ni ipi, na Allah hamkalifishi mtu asiloliweza. Amesema: "Wala hakuweka juu yenu uzito wowote katika Dini." Wewe uzito umeubeba mwenyewe, kisha ukauita Dini.

Ibn Hajar al-Haytami, mmoja wa nguzo za madhehebu ya Shafi, aliyefariki mwaka 1567, aliulizwa kama ugonjwa huu una dawa. Akajibu kuwa inayo, nayo ni kuupa mgongo kabisa, hata kama nafsi itakuwa na wahaka kiasi gani. Mtu asipouangalia hautakaa, utaondoka baada ya muda mchache, na anayeusikiliza akautii utamzidia mpaka umfikishe kwenye hali ya wendawazimu au mbaya zaidi. Hapo ndipo nilipotaka kulirudia lile la kunywea. Siku za mwanzo za kuupa mgongo utaona mambo mabaya zaidi. Utaswali ukihisi huna udhu. Utatetemeka. Utasema shekhe huyu amenitia motoni. Vumilia hapo hapo, ndiyo dawa inavyofanya kazi. Mwenzetu wa kopo wiki ya kwanza alilia.

Na usione haya kwenda kwa daktari wa afya ya akili. Nasema hivi kwa uzito wote. Kuna ugonjwa unaojulikana kitabibu ambao mtu hulazimika kurudia kunawa, kukagua au kuhesabu huku akijua kwamba hakuna haja, nao huwapata watu wa dini zote na wasio na dini. Matibabu yake mojawapo ni kumzoesha mgonjwa kukaa na ile hofu bila kurudia tendo mpaka hofu ishuke yenyewe, na wengine hupewa dawa. Nilipoelezwa hivyo na daktari mmoja nilicheka, kwa sababu alikuwa ananisomea fatwa ya Ibn Hajar bila kujua. Kusema Audhu Billahi na kumeza kidonge havigombani, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tutafute tiba. Mtu anayekaa saa nzima kwenye kila swala na ameanza kuichukia adhana amefika kiasi cha kwenda.

Huko kuumwa moyo ukisikia adhana, usiufanye dhambi mpya ya kuihesabu. Masahaba walimwendea Mtume wakasema tunapata katika nafsi zetu mambo ambayo mmoja wetu anaona ni makubwa mno kuyatamka. Akawauliza, "Mmeyapata kweli?" Wakasema ndiyo. Akasema: "Hiyo ndiyo imani iliyo wazi." Kinachokuuma si swala. Ni ile saa ya bombani, na hiyo tumeshaiondoa.

Limebaki la mkeo. Hofu yako kwamba utamharibia swala haina msingi, kwa sababu swala yako ni sahihi, na aliye sahihi swala yake kwa nafsi yake anafaa kumswalisha mkewe. Isha ya leo tawadha kwa kopo moja, mara moja moja, usiirudie sehemu yoyote, utoke. Simama mbele, yeye nyuma yako. Takbira moja. Wanaume wakiwa nyuma ya imamu aliyekosea husema Subhanallah, na mwanamke hupiga kofi; hilo limo katika hadithi, naye mkumbushe kabla hamjaanza. Mwambie asikuangalie kwa huruma, asikusahihishe hisia, apige kofi tu pale atakapoona umekosea kweli. Asipopiga, endelea.